Kigingi cha Nne

Mdadisi alikataa kujitetea, na hilo ndilo lililomkosesha Shangazi raha asubuhi ile.

Watu wanaokalishwa upande ule wa meza, wawe wameiba kweli au wamesingiziwa, husema. Husema mpaka mate yawakauke: si mimi, ni fulani, muulizeni jirani, muulizeni mke wangu. Shangazi alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyapepeta maneno, makapi huku, punje huku. Lakini huyu mdadisi, binti wa ofisi ya takwimu anayetumwa kupima mashamba, alikaa amekunja mikono mapajani, akajibu alichoulizwa, akafunga mdomo. Sasa utapepeta nini hapo?

Jina la Shangazi alipewa na askari wadogo wa kituo, maana aliwagombeza kama watoto wa kaka yake, kisha akawanunulia chai. Siku ile hakuna aliyegombezwa wala kununuliwa chai. Kesho yake binti angefikishwa mahakamani kwa kosa la kupika takwimu, na mkuu wa kituo alishatamka kwamba kesi imeiva, kilichobaki ni kuipakua.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Msimu uliopita mvua zilikatika mapema. Ofisi ya takwimu ikatoa makadirio ya mavuno ya kila kata, na mahindi ya msaada yakagawanywa kwa kufuata makadirio hayo. Kata moja ndogo, nyuma ya vilima, ilitajwa kuwa imejitosheleza. Malori yakaipita. Kabla wakubwa hawajashtuka, kata ile ilikuwa imeshazika watoto, na wa kwanza kuzikwa alikuwa msichana mdogo aliyeitwa Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Babu yake, mkulima mzee anayejulikana kwa jina la Bingwa, alikuja kituoni kwa miguu, akakataa kiti, akatoa malalamiko ya sentensi moja: "Nataka apatikane aliyesema kwamba sisi tumevuna." Msako uliishia kwa mdadisi, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kupima mavuno kule, na shamba alilopima lilikuwa la Bingwa mwenyewe.

"Binti, tuanze upya," Shangazi alisema. "Kwa mzee Bingwa ulifika au hukufika?"

"Nilifika, afande. Mara mbili. Mara ya kwanza mahindi yakiwa bado mabichi, nikaweka vigingi. Mara ya pili nikaja kuvuna."

"Vigingi vya nini?"

"Vinne. Unazungusha kamba, unapata mraba. Kilichoota ndani ya mraba ndicho unachovuna na kupima."

"Mahali pa mraba anachagua nani?"

"Hachagui mtu. Namba zinatoka ofisini kwa bahati nasibu, zinakuambia uingie shambani kiasi gani, ukate upande gani. Zikikuangusha kwenye kichuguu, ni kichuguu hicho hicho."

"Na ulichopima ndicho ulichoandika?"

"Ndicho hicho."

Shangazi akainama mbele. "Mimi nilikwenda kule wiki iliyopita. Nimeyaona mabua ya mzee yule kwa macho yangu, membamba, hayana hata magunzi. Mtoto amekufa kwa njaa ndani ya nyumba ile. Na wewe unasema ulivuna mahindi ya kushiba. Nani anadanganya, wewe au kaburi?"

Mdadisi aliangalia meza. Machozi yalimtoka bila kwikwi, akayaacha yatelemke. "Andika ni uzembe wangu, afande. Nitakubali."

"Sikukuuliza uzembe wa nani. Nimekuuliza kilitokea nini."

Shangazi alikuwa anakusanya karatasi zake ili ainuke, amekwisha kufa moyo, ndipo binti akauliza kwa sauti ya chini: "Yule babu anaendeleaje?"

Loo! Shangazi alirudi kitini. Katika miaka yake yote hakuwahi kumsikia mshtakiwa akimuulizia hali mtu aliyemshtaki, tena kwa huruma ile.

"Anaendelea," alisema. "Kwa nini unauliza?"

Lakini mdomo ulikuwa umeshafungwa tena.

Nje, kwenye benchi la ukutani, mama yake mdadisi alikuwa amekaa na hotpoti yake magotini, kama alivyokaa tangu binti yake aletwe. "Amekula, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

"Huyu si mwongo, afande. Angekuwa mwongo ningekuambia, mbona kaka yake ni mwongo na kila mtu anajua." Alifuta pua kwa ncha ya khanga. "Huyu akiwa mdogo alikuwa anawaambia wageni kwamba sukari ipo, mama ameificha. Nimeaibika mie! Sasa mtoto wa namna hiyo anajifunzia uongo kazini?"

Shangazi alitamani kucheka, akashindwa.

* * *

Ofisi ya takwimu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti isiyofanya kazi. Mtakwimu, mtu mwembamba aliyevaa sweta wakati wa joto, alikuwa peke yake katika chumba chenye meza za watu sita. Macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi alikuwa amekuja na maneno makali kooni, lakini alipomwona akayameza.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," alisema. "Mnajuaje mavuno ya kata nzima?"

"Hatujui. Tunakadiria." Mtakwimu alivuta kiti, akakaa. "Tunapima mashamba maelfu nchi nzima. Kwa nchi nzima hesabu inasimama. Kwa mkoa pia inasimama. Tatizo ni kwamba chakula hakigawiwi kwa mkoa, kinagawiwa kwa kata. Ukiteremka mpaka kwenye kata, yale maelfu yanakwisha mkononi. Unakuta kata ina mashamba mawili tuliyopima, au moja, au hakuna."

"Na kata ile?"

"Yalikuwa mawili. La pili, wadadisi walipofika walikuta wenyewe wameshahama, nyumba imebomoka, shamba pori. Likabaki moja."

"Ala! Shamba moja liisemee kata nzima?"

"Halikusema peke yake, afande. Wewe ukiwa na kesi yenye shahidi mmoja unafanyaje?"

"Nawauliza majirani."

"Nami ni hivyo hivyo. Majirani zangu ni kata za jirani, vipimo vya mvua, na picha za setilaiti. Nikiwa na mashahidi wengi ndani ya kata, majirani nawapa sikio moja tu. Nikiwa na shahidi mmoja, nawasikiliza majirani zaidi kuliko yeye. Kila upande naupa uzito wake, nachanganya, napata makadirio."

Shangazi alielewa, na alishangaa kwamba ameelewa. Ndiyo kazi yake aliyoifanya maisha yake yote. "Majirani walisemaje?"

"Majirani wote wako upande wa mto, walisema mahindi yapo. Picha za setilaiti zilikuwa kijani tupu." Alitabasamu tabasamu lisilo na furaha. "Nimekwenda kuona juzi, kwa nauli yangu. Ni magugu. Kutoka angani, gugu na hindi ni kijani kile kile."

"Na shahidi wako mmoja?"

"Naye alisema yapo. Tena mazuri."

"Angesema hayapo?"

Mtakwimu alivua miwani, akaishika bila kuifuta. "Wangepishana. Shahidi akipishana sana na majirani, mimi sitoi makadirio, nawarudisha watu shambani. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na wenzangu wananicheka kwa hiyo. Lakini hawakupishana, afande. Nakumbuka nilifurahi. Nilisema, angalau kata hii haina maneno, nikapita." Akaivaa tena miwani. "Ningetuma mtu mmoja na pikipiki. Mtu mmoja tu. Hilo ndilo linaloniamsha."

Shangazi aliomba kifaa cha ramani alichotumia mdadisi, chenye alama ya mahali alipoweka vigingi mara ya kwanza.

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili hatuchukui alama. Kuna haja gani? Vigingi si vipo."

Kabla hajaondoka alipitia stoo. Mtunza stoo alikuwa mama mnene mwenye sauti ya sokoni, na alikuwa na lake moyoni.

"Yule binti mnayemfungia, mimi ana kitu changu! Mwambieni anirudishie kigingi changu."

"Hakurudisha vigingi?"

"Karudisha. Hebu viangalie mwenyewe." Aliviburuta kutoka nyuma ya mizani, vimefungwa kwa kamba yao. Vitatu vilikuwa vya ofisi: mti mwekundu, ncha zimechovywa lami ili mchwa wasile. Cha nne kilikuwa mti mweupe mgumu, hakina lami, kimechongwa kwa kisu ubapa baada ya ubapa, pande nne sawasawa, kinateleza mkononi kama mpini wa jembe. "Eti kimevunjika. Nikamwambia kigingi changu hakivunjiki kwa nyundo. Kinavunjika mtu akikikamata kichwani akakisukuma huku na huku, kama anang'oa jino. Wadadisi wangu nimewafundisha kuchimbua kwa jembe. Akanijibu, basi mama, kimevunjika."

Shangazi alikigeuza kile cheupe. Kwenye ncha, udongo ulikuwa umeganda, mweusi tititi. Akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Udongo wa kata ile, aliukumbuka vizuri kwa kuwa viatu vyake bado havijatakata, ulikuwa mwekundu.

Alisimama pale stoo muda mrefu kuliko mtunza stoo alivyopenda. Kigingi kikivunjika kazi ikiwa imekwisha, unarudisha vitatu, unaomba radhi. Huchongi kingine. Hiki kilichongwa ili kifanye kazi, na kilifanya, maana kilikuwa na udongo. Basi cha ofisi kilivunjika kabla ya mavuno. Na kabla ya mavuno vigingi havina sababu ya kuguswa na mtu yeyote, vinakaa vimesimama ardhini vikisubiri. Kuna mtu aliving'oa.

"Mama, hiki nakichukua."

"Chukua tu. Mimi nataka changu."

* * *

"Umekwishampata?" Dereva aliuliza walipoacha lami. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na alijiona mpelelezi wa pili wa kituo. "Mimi bado nasema ni yule mwenye maghala. Njaa ikiingia, nani anauza?"

"Mwenye maghala nilimhoji. Alikuwa na mahindi yake kule kwenye kata ile, akayahamisha yote kuyapeleka mbali."

"Si nilisema!"

"Aliyahamisha kwa sababu alisoma makadirio. Aliamini watu wa pale wamevuna, hawatanunua. Njaa ilipoingia ghala lilikuwa tupu, na kijiji kizima kilikwenda kuligonga. Alilia mbele yangu, mtu mzima na mvi zake."

Dereva akaguna. Alibadilisha gia, na kwa mara ya kwanza siku ile akaendesha bila kutoa ushauri.

Nyumba ya Bingwa ilikuwa juu ya mwinuko, shamba limeteremka mbele yake. Msimu mpya ulikuwa umeanza lakini shamba halikulimwa, mbegu ziliishia sufuriani. Bibi, mkewe, alikuwa akianua nguo. Miongoni mwa nguo kulikuwa na gauni dogo la maua, safi, ambalo halikuwa na mtu wa kulivaa. Shangazi aliliona, akatazama pembeni.

Bingwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Kisu kilipita, ubapa baada ya ubapa, pande nne sawasawa.

Shangazi alisimama pale uani akatamani, waziwazi kabisa, gari lingekuwa limeharibika njiani.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema, akainuka. "Umempata?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Usichoke. Wewe ni mtu wa kazi, nilikuona siku ile ile. Bibi, mletee mgeni kiti. Kile kizuri."

Kiti kizuri kikaletwa kutoka ndani, kikapanguswa vumbi ambalo hakikuwa nalo. Shangazi aliomba kwanza alitazame shamba peke yake. Mzee alitaka kumsindikiza, maana kumwachia mgeni azurure peke yake ni utovu wa adabu, na ikabidi Dereva amshike kwa maswali ya mipini.

Kifaa cha ramani kilimpeleka katikati ya shamba. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, umepasuka. Mabua yalikuwa yameliwa na mchwa, ukiyagusa yanavunjika unga. Alama ilipokaa sawa, Shangazi alichuchumaa, akaanza kukwangua kwa kipande cha chuma alichokikuta garini. Alikwangua sehemu hii, akahamia ile, sketi yote vumbi. Kisha chuma kikagonga kitu. Alikichimbua kwa vidole. Kilikuwa kipande cha mti mwekundu, kifupi, ncha yake ina lami. Mchwa waliokula kila kitu hawakukigusa. Juu kilikuwa kimevunjika mshazari, kama jino lililoacha mzizi.

Akainuka, akatazama huku na huku. Kule pembeni, chini ya ua wa miiba ya zamani, palikuwa na sehemu ndogo ya shamba ambayo udongo wake ulikuwa mweusi. Alikwenda. Zamani palikuwa zizi, alama za nguzo bado zilionekana, na samadi ya miaka ilikuwa imezama pale. Mabua yake yalikuwa manene. Na katikati ya mabua palikuwa na mraba uliofyekwa chini kabisa, safi, kwa panga la mtu anayevuna asibakize kitu.

Shangazi alikitia kile kipande cha kigingi mfukoni. Choo cha mzee kilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kukitupa humo, akarudi mjini, akasema hakuona kitu, na mzee angezeeka na hasira yake iliyomnyoosha mgongo. Lakini benchini kulikuwa na mama mwenye hotpoti. Alipiga moyo konde, akapanda mwinuko polepole.

"Mzee," alisema alipokaa kwenye kiti kizuri. "Pale zizini mahindi yalikubali."

Uso wa Bingwa ulichanua. "Uliyaona? Pale ndipo shamba langu lenyewe. Mwaka nilioitwa Bingwa, walionipa jembe kwenye maonyesho walikuja kupiga picha pale pale."

"Na mdadisi alivunia pale."

"Pale pale."

"Vigingi alikuwa ameviweka wapi, alipokuja kwanza?"

Mzee alicheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na kosa dogo la kupendeza. "Ah, mwanangu. Alikuwa ameviweka pale katikati, penye mabua ya aibu. Hajui shamba, mtoto wa mjini. Nikasema, binti wa watu ametembea kutoka barabarani na jua lote lile, leo mimi Bingwa nimpe mabua avune? Arudi kwao aseme mzee yule ni mvivu? Asubuhi yake nikaving'oa, nikampelekea penye mahindi ya maana."

"Kimoja kikavunjika."

"Nikamchongea kingine, kizuri kuliko chake!"

Bibi alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Alipokuja kuvuna," Shangazi aliuliza, "aligundua?"

"Aligundua, ana macho yule. Alivitazama, akanitazama. Akasema, babu, ni hapa kweli nilipoviweka? Nikamwambia ni hapo. Akacheka kidogo, akavuna. Alipoaga, Chiriku alimsindikiza mpaka barabarani, njia nzima anamhadithia." Mzee alipitisha kisu kwenye mpini mara moja. "Mtoto mzuri yule binti. Nasikia mmemkamata. Mmemkosea. Mtafuteni aliyeandika huko ofisini."

Sasa Shangazi alijua kwa nini mdadisi hakufungua mdomo. Shamba moja kati ya maelfu, alidhani, lina madhara gani, na mzee anatabasamu hivi. Alipokuja kujua kwamba katika kata ile lilibaki hilo moja tu, mtoto aliyemshika mkono mpaka barabarani alikuwa ameshazikwa. Akaona bora afungwe yeye kuliko babu ajue.

"Mzee, haya uliyoniambia lazima niyaandike. Bila hayo, binti kesho anakwenda mahakamani."

"Andika, andika. Kama yatamsaidia mtoto wa watu."

Aliandika. Hakuna maelezo yaliyowahi kumchosha mkono kama yale. Alipomaliza alitamani kumpa tu asaini, lakini utaratibu ni utaratibu: maelezo lazima yasomwe mbele ya aliyeyatoa, neno kwa neno, ndipo asaini. Akasoma.

"Mimi ni mkulima. Mdadisi alifika shambani kwangu, akaweka vigingi vinne katikati ya shamba, penye mahindi mabaya. Alipoondoka, mimi kwa hiari yangu niling'oa vigingi hivyo, nikavihamishia penye zizi la zamani, penye mahindi mazuri. Kimoja kilivunjika, nikachonga kingine. Mdadisi aliporudi alivuna pale nilipoviweka. Mahindi aliyopima hayakuwa mfano wa shamba langu."

"Hapo mwisho," mzee alisema. "Mfano?"

"Ndiyo, mzee. Alikuja kuchukua mfano. Asingeweza kulivuna shamba lote."

"Sawa. Mfano wa shamba langu."

"Ndiyo."

Mzee alikitazama kisu chake, akakiweka chini. Mtu aliyelima maisha yake yote anajua mtu anapochukua kiganja cha mahindi kutoka kwenye gunia anataka kujua nini. Shangazi aliliona swali likimjia kutoka mbali, na hakuwa na namna ya kulizuia.

"Na shamba langu," Bingwa aliuliza, "lilikuwa mfano wa nini?"

Dereva aligeuka akaenda kusimama kwenye gari.

"Mashamba ya wenzangu, waliyapima?"

"Lilikuwepo lingine moja," Shangazi alisema. "Wenyewe walikuwa wamehama."

"Kwa hiyo lilipimwa langu."

"Lako, mzee. Lakini sikiliza, makosa ni ya wengi. Kulikuwa na picha za angani, kulikuwa na kata za jirani, ofisini kuna mtu anasema angetuma..."

Bingwa aliinua mkono, kwa upole, akamnyamazisha. Hakulia. Alionekana tu mzee, jinsi ambavyo siku zote hakuwa ameonekana. Bibi alikuwa amekaa chini palepale penye nguo, gauni la maua mapajani, anamtazama mumewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishaelewa mapema kidogo kuliko yeye.

"Lete kalamu," mzee alisema.

Akasaini taratibu, kwa herufi kubwa, akahakikisha imekaa juu ya mstari. Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni kitu.

"Mwachieni yule binti leo leo, asilale tena huko. Mwambieni babu amesema asante, ila yeye amenikosea kwa kuninyamazia." Alimtazama Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze sauti yake haikuwa na hasira hata chembe.

"Basi umempata, mwanangu," alisema.